Kwa Nini Nakala Moja Haitoshi: Somo Kuhusu Rekodi Zinazotunzwa Katika Seva Nyingi

Mfanyabiashara akilipia kibali chake kwa njia ya kidijitali, malipo hayo hayaandikwi kwenye daftari lililofungiwa kabatini. Huingia katika hifadhidata, yaani mkusanyiko wa rekodi uliopangwa ndani ya kompyuta ili zitafutwe kwa haraka. Rekodi za wagonjwa, ada za soko na malipo ya ardhi nazo zinazidi kuelekea huko. Kompyuta inayotunza rekodi kwa niaba ya ofisi nyingi huitwa seva. Seva ikiungua, ikiibwa au diski yake ikiharibika, rekodi iliyokuwa na nakala moja tu imepotea, na aliyelipa atatakiwa kuthibitisha upya kwamba alilipa.

Dawa yake ni kuweka nakala katika seva kadhaa zilizo mahali tofauti. Kunakili si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha nakala zote zinasema jambo lile lile, hata umeme unapopotea au mtandao unapokatika. Wavumbuzi wamelishughulikia jambo hilo kwa zaidi ya miaka 40, na majibu yao ndiyo yanayoamua kama malipo yaliyoonekana Jumatatu yataonekana pia Jumanne.

Seva kuu na seva saidizi

Njia inayotumika sana ni kuteua seva moja kuwa kuu. Kila badiliko huandikwa hapo kwanza, kisha hupelekwa kwa seva saidizi. Hapa kuna chaguo mbili.

Ya kwanza, seva kuu inasubiri seva saidizi zijibu kabla ya kumwambia karani kwamba malipo yamepokelewa. Njia hii ni salama, lakini umbali una gharama yake. Mwanga ndani ya nyaya za nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 itachukua angalau milisekunde 60 kupokea ujumbe na kurudisha jibu. Kwa mlipaji mmoja huo ni muda mfupi. Kwa maelfu ya malipo yanayosubiriana, foleni hurefuka.

Ya pili, seva kuu inajibu papo hapo na kutuma nakala baadaye kidogo. Huduma huwa ya haraka, ila seva kuu ikizimika kabla ya kutuma, mabadiliko ya mwisho yanaweza kupotea. Pia ofisi inayosoma kutoka seva saidizi iliyochelewa itaona habari za zamani. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtu aliyelipa dakika moja iliyopita kuambiwa bado anadaiwa.

Akidi ya seva

Seva kuu ikinyamaza, nani achukue nafasi yake? Tuseme kuna seva mbili na waya kati yao umekatika. Kila moja inadhani mwenzake amekufa, na kila moja inajifanya kuu. Zote zinapokea malipo, na waya ukirudi kuna madaftari mawili yasiyolingana.

Mwaka 1979, Robert Thomas na David Gifford, kila mmoja kwa kazi yake, walichapisha suluhisho la kupiga kura. Wanachama wa chama cha akiba wanalijua vizuri: bila akidi, hakuna uamuzi.

Chukua mfano wa seva 5. Kila badiliko lazima liandikwe katika seva 3, na kila anayesoma lazima aulize seva 3. Kwa kuwa 3 na 3 ni 6, na seva ni 5 tu, lazima iwepo angalau seva moja iliyo katika makundi yote mawili. Seva hiyo inayo rekodi mpya. Kila rekodi hubeba nambari ya toleo, hivyo msomaji huchukua yenye nambari kubwa zaidi. Seva 2 zikiharibika, 3 zilizobaki huendelea na kazi. Waya ukikatika na kuacha seva 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, wale 2 hawana akidi na hawaruhusiwi kuandika. Madaftari mawili hayawezi kutokea.

Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini idadi ya seva huwa witiri. Seva 4 huhitaji kura 3, kwa hiyo huvumilia hitilafu ya seva 1 pekee, sawa tu na seva 3. Ya nne imeongeza gharama bila kuongeza usalama huo.

Mwaka 1988, Brian Oki na Barbara Liskov wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha njia ya seva kukubaliana hata baada ya seva kuu kubadilika. Leslie Lamport naye alibuni njia iitwayo Paxos. Aliieleza kwa hadithi ya bunge la kisiwa cha Ugiriki ambalo wabunge wake huingia na kutoka watakavyo, kila mmoja na daftari lake, na bado sheria zao hazigongani. Makala hayo aliyawasilisha mwaka 1990, lakini yalichapishwa mwaka 1998. Lamport alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2013. Kwa kuwa wengi waliona Paxos ni ngumu kuelewa, Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa njia ya Raft mwaka 2014, lengo likiwa urahisi wa kufundishika.

Nani alitangulia?

Saa za kompyuta mbili hazilingani kikamilifu, kama saa za ukutani. Watu wawili wakiomba kibanda kimoja cha soko kupitia seva tofauti, saa haitoshi kuamua aliyetangulia. Mwaka 1978, Lamport alipendekeza kila ujumbe ubebe nambari, na anayeupokea asogeze hesabu yake ipite nambari hiyo. Hivyo, tukio lililosababisha jingine huwa na nambari ndogo kila mara. Mwaka 2012, kampuni ya Google ilieleza mfumo wake wa Spanner, unaotumia GPS na saa za atomu kupima ukubwa wa kosa la saa, kisha kusubiri hadi kosa hilo lipite.

Waya unapokatika

Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikapungua kasi katika nchi za Afrika Mashariki. Kukatika kwa mawasiliano ni jambo la kutarajiwa.

Mwaka 2000, Eric Brewer alieleza kwamba mawasiliano yakikatika, mfumo lazima uchague: ukatae kuhudumia, au uhudumie huku nakala zikiweza kutofautiana. Seth Gilbert na Nancy Lynch walithibitisha hoja hiyo kihisabati mwaka 2002.

Uchaguzi sahihi hutegemea kazi. Mfumo wa Dynamo wa kampuni ya Amazon, uliochapishwa mwaka 2007, ulichagua kuhudumia. Kapu la mnunuzi hupokea bidhaa hata mawasiliano yakiwa mabaya, na tofauti husuluhishwa baadaye. Hasara ni kwamba bidhaa iliyoondolewa huenda ikarejea kapuni. Kwa bohari ya dawa mambo ni tofauti. Kukiwa na dozi 10, na zahanati mbili zikiruhusiwa kuziagiza zote wakati mawasiliano yamekatika, dozi 20 zitakuwa zimeahidiwa. Mgonjwa mmoja atarudi mikono mitupu. Hapo ni heri mfumo useme, "Subiri."

Nakala za seva si akiba

Afisa akifuta rekodi kwa bahati mbaya, seva zote hufuta kwa uaminifu ule ule. Kwa hiyo, pamoja na nakala hizo, lazima iwepo akiba inayotolewa kwa ratiba, kuwekwa kando na mfumo, na kujaribiwa mara kwa mara kama inaweza kurejeshwa.

Mambo ambayo mkazi anaweza kufanya

• Kuhifadhi ujumbe wa kuthibitisha malipo pamoja na risiti. Hiyo ni nakala yake mwenyewe.

• Malipo yasipoonekana mara moja, asilipe tena kabla ya kuulizia. Huenda ni nakala iliyochelewa.

• Rekodi yake ikiwa na makosa, adai irekebishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuona data inayomhusu na kutaka iliyo ya uongo au ya kupotosha isahihishwe.

• Katika vikao vya ushirikishaji wa umma mfumo mpya unapojadiliwa, aulize maswali matatu: nakala ziko ngapi na wapi, mtandao ukikatika huduma gani itasimama, na akiba ilijaribiwa lini mara ya mwisho.