Maji ya Mfereji Pekee Hayatoshi: Badilisha Mazao Shambani

Mkulima wa Taveta anayenyunyizia shamba kwa maji ya Njoro Kubwa au mto Lumi hangoji mvua. Akivuna nyanya leo, anaweza kupanda nyanya tena kesho kutwa. Hapo ndipo hasara huanza. Zao moja likirudiwa msimu baada ya msimu, magonjwa yake hujaa udongoni. Hatari zaidi kwa nyanya ni mnyauko wa bakteria: mmea hunyauka ghafla ukiwa bado kijani, na hauna dawa ya kuuponya.

Jinsi ya kuutambua

Kata shina la mmea ulionyauka, karibu na ardhi. Lishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye mkato baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria.

Jua jamii ya mazao

Nyanya, biringanya, pilipili, viazi na mnavu ni jamii moja. Ukitoa nyanya ukapanda biringanya, hujabadilisha kitu.

Mzunguko unaofaa

Gawa shamba vipande vinne. Kila kipande kifuate mpango huu:

1. Nyanya.
2. Mahindi, ambayo hutumia mbolea iliyobaki.
3. Ndengu au kunde. Hukomaa mapema, hazihitaji maji mengi, na vinundu vya mizizi yake huongeza nitrojeni. Ukivuna, acha mizizi ardhini.
4. Vitunguu, kisha nyanya tena.

Hivyo nyanya hurudi katika kipande kimoja baada ya karibu mwaka mzima. Bei ya nyanya ikianguka, bado una zao jingine la kupeleka sokoni.

Kama ugonjwa umeshaingia

Mwaka mmoja hautoshi. Usipande nyanya wala jamii yake hapo kwa miaka 3 au zaidi. Ng'oa mimea iliyonyauka na uichome. Usiitupe mferejini, kwa maana maji hubeba bakteria hadi shamba la jirani. Osha jembe kabla ya kuingia kipande kingine, na ung'oe nyanya na mnavu unaojiotea.

Weka daftari la kila kipande na zao lake. Ukiona dalili, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua miche mingine.