Kuambata si Kumeza: Vitenzi vya Metali na Mwani

Kifaransa kina maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: adsorption na absorption. La kwanza linasema kitu kimeshikwa juu ya uso wa kitu kingine. La pili linasema kimeingia ndani yake. Tukiyaleta katika Kiswahili, ni rahisi yote mawili yaangukie kwenye kitenzi kimoja, kufyonza. Katika makala haya ninaonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutenganisha mambo hayo mawili, na kwamba kwetu Katanga, nchi ya shaba na kobalti, kuyatenganisha kuna faida kwa watu wanaotumia maji ya mito.

Tuanze na jambo lenyewe. Ninaposema mwani hapa, sisemi majani ya bahari bali viumbe vya kijani vyenye seli moja, visivyoonekana kwa macho matupu. Seli ya Chlorella, kwa mfano, ina upana wa maikromita 2 hadi 10 tu. Ukuta wake umejengwa kwa sukari ndefu na protini, na juu yake mna vikundi vya kikemia ambavyo katika maji ya kawaida hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi. Ioni za shaba na kobalti zina chaji chanya. Zikipita karibu, huvutwa na kushikwa ukutani kwa muda wa dakika chache. Baadaye, polepole, sehemu yake huvuka utando na kuingia ndani ya seli. Hatua ya kwanza haihitaji uhai: hata mwani uliokufa na kukaushwa hushika metali. Kuingizwa ndani ni kazi ya seli iliyo hai.

Je, hatua ya kwanza tuiite nini? Kula na kumeza havifai, maana vinataka kinywa na tumbo. Kunasa kunamfanya mwani kuwa mtegaji, na hali mfu pia anafanya hivyohivyo. Kubandika kunataka mkono wa mtu anayebandika. Mimi ninachagua kuambata. Kitenzi hiki kina kiambishi -at-, ambacho wanaisimu wa Kibantu hukiita cha mgusano. Tazama kamata, fumbata, pakata: katika vyote kuna vitu viwili vinavyogusana na kubaki vimegusana. Leo hatuwezi kukitia kiambishi hiki kwenye kitenzi chochote tunachotaka, lakini maana yake bado inasikika. Tukiongeza -an-, tunapata kuambatana, yaani kila upande unamshika mwenzake. Ndivyo zilivyo chaji hasi na chanya.

Kilichoambata kinaweza kubanduka, na hapa sarufi inatusaidia tena. Kiambishi -u- cha kutendua kinatupa bandika na bandua, nasa na nasua. Kumeza hakuna umbo kama hilo; hatusemi "kumezua", tunatafuta neno jingine, kutapika. Maji yakiwa na asidi nyingi, protoni hugombania nafasi zilezile ukutani, na metali hubanduka na kurudi majini. Kalsiamu na magnesiamu nazo hugombania nafasi hizo. Wanakemia hutumia tabia hiyo kama kipimo: huosha mwani kwa EDTA, kemikali inayoshika metali kwa nguvu. Inayotoka ilikuwa imeambata. Inayobaki ilikwisha kuingia.

Sasa tuyapeleke maneno haya mtoni. Ziwa Tshangalele, lililotokea baada ya mto Lufira kuzibwa Mwadingusha, hupokea maji yanayotoka upande wa Likasi, mji wa machimbo na viwanda vya metali. Watu huvua samaki humo. Tukimwambia mvuvi kwamba mwani "unakula shaba", ataelewa, kwa haki kabisa, kwamba shaba imekwisha, kama ugali unavyokwisha sahanini. Tukimwambia shaba "imeambata juu ya mwani", yeye mwenyewe atauliza maswali yanayofaa. Nani anakula mwani huo? Wadudu wadogo wa majini, kisha samaki. Mwani ukifa unakwenda wapi? Unazama topeni pamoja na mzigo wake. Maji yakichachuka itakuwaje? Mzigo utabanduka.

Kitenzi hichohicho kinaeleza pia matumaini. Kwa kuwa metali huambata hata kwenye mwani mkavu, mwani huo unaweza kutumiwa kuchujia maji machafu, kisha ukaoshwa kwa asidi na metali ikakusanywa. Anayesema "umemeza" hawezi kueleza kwa nini kuosha kunatosha.

Napendekeza basi kwa wenzangu wa kitivo: kuambata kwa kinachoshikwa juu, kufyonza kwa kinachoingia ndani, kubanduka kwa kinachoachiliwa. Vitenzi hivi vitatu tunavyo tayari, na mvuvi anavielewa bila kamusi. Kazi iliyobaki ni kuvitumia kila kimoja mahali pake.