Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kijana wa Kigeni Wodini Kabla ya Kuanza Chuo Kikuu

Katika baadhi ya hospitali za Tanzania si ajabu kumkuta wodini kijana wa kigeni aliyevaa koti jeupe, akifuatana na madaktari katika mzunguko wa asubuhi. Wagonjwa humwita "daktari", naye, kwa haya au kwa kutojua Kiswahili, hawasahihishi. Ukweli ni kwamba kijana huyo huenda si daktari wala mwanafunzi wa udaktari. Amemaliza sekondari miezi michache iliyopita, na chuo kikuu hajakianza.

Makala hii inaeleza kwa nini vijana hawa huja, wanachoweza kufanya wakiwa wodini, wasichopaswa kukigusa, na haki ya mgonjwa mbele yao.

Kwa nini huja

Nchini Uingereza, mwanafunzi humaliza sekondari akiwa na umri wa miaka 18 hivi, na aliyepata nafasi ya chuo anaweza kuomba kuianza mwaka unaofuata. Katika mwaka huo wa katikati wengine hufanya kazi na wengine husafiri. Wanaotamani udaktari hutafuta mahali pa kuiona kazi ya tiba kwa macho yao. Desturi hiyo ipo pia Marekani na katika nchi nyingine za Ulaya. Kwa Mtanzania, kipindi kinachokaribiana nayo ni miezi ya kusubiri baada ya kidato cha sita, ambayo baadhi huitumia katika Jeshi la Kujenga Taifa.

Ushindani wa kuingia vyuo vya tiba ni mkali, na wapo wanaoamini kwamba bila kukanyaga hospitali ya ng'ambo hawatapokelewa. Imani hiyo si sahihi. Baraza la Vyuo vya Tiba la Uingereza limeeleza kwamba uzoefu si lazima upatikane hospitalini. Kuwahudumia wazee katika nyumba za kuwatunzia, au kazi nyingine ya kukutana na watu na kuwajali, huhesabiwa pia, na kinachotazamwa ni kile ambacho mwombaji amejifunza humo. Safari ya Afrika, basi, si tiketi ya udaktari.

Kosa lisilo na mwovu

Chukulia mfano huu wa kubuni. Ni usiku, katika chumba cha majeruhi. Tabibu yuko peke yake, na majeruhi wa ajali za bodaboda wamejaa kwenye benchi. Kijana wa miaka 19, ambaye kwa wiki mbili ametazama majeraha mengi yakishonwa, anaambiwa: "Hebu mshone huyu, jeraha lake ni dogo." Mgonjwa ni fundi mwashi aliyekatika kiganjani. Ananyoosha mkono kwa utulivu, akiamini kwamba yuko mbele ya daktari.

Jeraha la kiganja huonekana dogo kwa nje tu. Chini ya ngozi zimepita kano na neva zinazoviongoza vidole. Kabla ya kushona, mtaalamu humwambia mgonjwa akunje na kukunjua kila kidole, na hupima kama ncha zake zina hisia. Kijana hajui kupima hayo, kwa kuwa alichokiona kwa wiki mbili ni sindano na uzi. Ngozi ikifungwa juu ya kano iliyokatika, fundi atagundua baada ya wiki kadhaa kwamba kidole hakikunjiki na mwiko haushikiki.

Katika kisa hiki hakuna mwovu. Tabibu alikuwa amechoka, kijana alitaka kusaidia, mgonjwa aliamini. Lakini hasara yote imemwangukia mmoja, yule ambaye hakuulizwa.

Kipimo kimoja

Swali la kujiuliza ni hili: je, kijana huyu angeruhusiwa kufanya jambo hili katika hospitali ya kwao? Kama jibu ni hapana, basi na hapa ni hapana. Uhaba wa watumishi hauondoi katazo hilo, kwa kuwa mwili wa mgonjwa haupungui thamani kwa sababu wodi imejaa. Mwaka 2011 Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwaonya wanafunzi dhidi ya kutoa tiba ng'ambo wasiyofundishwa, na kuwakumbusha kwamba tendo hilo linaweza kuwaharibia maombi yao ya chuo. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2017 inayosimamia usajili wa madaktari na wataalamu wa afya shirikishi.

Kwa hiyo, kijana asichome sindano, asitoe damu, asishone, asizalishe, asitoe dawa, wala asimweleze mgonjwa majibu ya vipimo. Anaweza kutazama kwa ridhaa, kutandika vitanda, kusukuma kiti cha magurudumu, kucheza na watoto waliolazwa, na kuketi na mgonjwa asiye na ndugu karibu. Kazi hizi si duni, kwani humfundisha jinsi ugonjwa unavyoishi ndani ya mtu.

Ridhaa ya mgonjwa

Koti jeupe lisilo na maelezo ni uongo wa kimyakimya. Mgeni avae kitambulisho kinachosomeka kwa Kiswahili, na mwenyeji wake aombe ridhaa kabla mgeni hajaingia, ili mgonjwa asione haya kukataa. Maneno yanaweza kuwa haya: "Mama, tuna mgeni aliyemaliza shule. Hajaanza kusomea udaktari. Anaomba kutazama tu. Ukikataa, huduma yako itabaki ileile."

Mgonjwa anaweza kujibu: "Naomba abaki nje." Hadaiwi sababu. Tahadhari iongezeke katika wodi ya wazazi, uchunguzi wa uzazi, kliniki ya watu wanaoishi na VVU na huduma za afya ya akili. Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Simu ya mgeni ibaki mfukoni.

Afya ya mgeni mwenyewe

Mgeni akamilishe chanjo ya homa ya ini B kabla ya safari. Asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi hivyo, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia 30 kati ya 100. Kwa VVU, bila dawa kinga, ni takriban 3 kati ya 1,000. Akichomwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, na atoe taarifa papo hapo. Dawa kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na zitumike kwa siku 28.

Atumie pia dawa za kuzuia malaria na kulala ndani ya chandarua. Akipata homa baada ya kurudi kwao, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, amweleze daktari alikotoka na apimwe malaria siku hiyohiyo.

Kuchagua na kupokea

Kijana anayetafuta nafasi aulize kabla ya kulipa: nani atamsimamia kila siku? Kibali gani cha uhamiaji kinahitajika? Katika fedha anazotoa, hospitali inapata nini? Wakala anayejinadi kwamba mteja wake "atashika kisu" au "atazalisha" anauza mwili wa mtu mwingine, na aepukwe. Ajifunze Kiswahili cha kutosha kumwamkia mzee shikamoo na kujitambulisha: "Mimi si daktari, ninajifunza."

Hospitali nayo imteue msimamizi, iandike orodha ya yanayoruhusiwa, na iibandike wodini ambapo hata muuguzi wa zamu ya usiku ataiona. Muuguzi huyo awe na uhakika kwamba akimzuia mgeni, uongozi utasimama upande wake.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hospitalini msemo huo unachukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa. Kijana anayeondoka akiwa ametazama kwa adabu na kuuliza kwa unyenyekevu anaondoka na somo la kwanza la udaktari: kujua asichokijua. Na fundi mwashi anarudi kazini, vidole vyake vyote vikikunjika.