Mtoto Wako Akiombwa Kushiriki Utafiti

Mtoto anafikishwa hospitali akiwa na homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu imepoa. Vitabu vya tiba vya nchi tajiri vilielekeza atundikiwe dripu ya maji mengi, tena upesi. Je, hospitali zetu nazo zifanye hivyo?

Kati ya 2009 na 2011, utafiti ulioitwa FEAST ulilipima swali hilo katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na nne za Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa maji mengi ya haraka, wengine maji ya kawaida polepole. Dawa za malaria, viuavijasumu na damu walipewa wote waliozihitaji.

Wengi walitarajia maji ya haraka yaokoe maisha. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 1,000 waliopewa maji hayo, walifariki takriban 105. Kwa wasiopewa, takriban 73. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri uandikishaji wa watoto usitishwe, na Januari 2011 ukasitishwa. Utafiti huo haukuhusu watoto wenye kuharisha. Hao bado wanahitaji kurudishiwa maji mwilini.

Bila watoto hao na wazazi wao, huenda tiba hiyo ingeenea kwetu kwa nia njema kabisa.

Damu inakwenda wapi?

Utafiti ukihitaji kuchukua damu ya mtoto, swali hili huulizwa mara nyingi, na si la kudharauliwa. Habari za mumiani tumezisikia tangu utotoni. Mwambie mtafiti akuonyeshe kiasi. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5, basi na akuhesabie kwa vijiko. Muulize itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Majibu yote yanapaswa kuwemo kwenye fomu ya ridhaa. Kama hayamo, usitie sahihi.

Hujui kusoma? Fomu isomwe kwa lugha unayoielewa, mbele ya shahidi unayemwamini, kisha uweke dole gumba. Unaweza kwenda nayo nyumbani mkashauriane, isipokuwa mtoto akiwa mahututi. Hapo baadhi ya tafiti, kama ilivyokuwa kwa FEAST, huruhusiwa na kamati ya maadili kukueleza kwa ufupi na kuomba kauli yako ya mdomo kwanza. Maelezo kamili na sahihi hufuata mtoto akishapata nafuu, na hata wakati huo unaweza kukataa.

Ukikataa, au ukijitoa katikati, mtoto aendelee kupata matibabu yake ya kawaida. Nauli unayorudishiwa si malipo ya mtoto, wala isikufunge mdomo.

Kijana naye ana kauli. Binti wa miaka 14 anayeulizwa kuhusu hedhi au msongo wa mawazo ana haki ya kuzungumza faraghani. Akisema hataki, mzazi asimlazimishe, hata kama fomu ameshaisaini.

Tanzania Bara, utafiti wa afya hupata kibali cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Omba kuonyeshwa kibali. Nakala ya fomu ni yako. Ihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, na uhakikishe ina namba ya simu ya kamati ya maadili, si ya mtafiti peke yake.