Deni Hutangulia Mirathi

Afapo mtu, mali yake haigawanywi papo hapo, ijapokuwa wako warithi ambao macho yao huwa juu ya funguo kabla mchanga wa kaburi haujakauka. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi. Katika Suratu Nnisaa wasia umetajwa mbele ya deni. Lakini wanavyuoni wameafikiana kuwa deni ndilo hutangulia kulipwa.

Na deni lisahauliwalo mno ni mahari. Mahari ambayo mume hakuyalipa ni haki ya mjane, naye husimama katika safu ya wadai. Hayo si fungu lake la urithi, wala thumuni yake haiondoki kwa kuyapokea.

Mathalan, mtu ameacha shilingi 100,000, na mke, na wana wanaume watatu, na binti mmoja. Wazazi wake hawako hai. Mazishi 4,000, deni la duka 10,000, mahari 6,000: husalia 80,000. Aliusia msikiti 16,000, nazo hazifiki thuluthi. Katika 64,000 zilizobaki, mke hupata 8,000, kila mwana mwanamume 16,000, na binti 8,000. Lau mahari yangalisahauliwa, mjane angalipata 8,750 badala ya 14,000, na hiyo ni dhuluma iliyovikwa nguo ya hesabu.

Ama karamu ya arubaini, haipikwi kwa mali hiyo ikiwa yumo yatima asiyebaleghe. Wala kaka yake hana ruhusa ya kulitoa fungu lake. Atakaye kulisha watu na atoe mfukoni mwake.