Msimbo wa lugha katika maktaba ya filamu ya nyumbani

Nyumbani Kibumba, kaskazini mwa Goma, ninatumia kompyuta ya zamani kama seva. Ndani ya kontena la Docker mna Jellyfin, programu inayopanga filamu. Kontena likifutwa, vilivyomo hupotea. Ndiyo maana folda ya filamu na ile ya mipangilio hukaa nje, zikiunganishwa nalo.

Swali la kiisimu huanzia kwenye jina la faili. Manukuu yanayoishia kwa .sw.srt huorodheshwa kuwa ya Kiswahili, basi. Lakini katika kiwango cha ISO 639-3 cha mwaka 2007, swa ni msimbo wa lugha mwamvuli yenye lugha mbili ndani yake: swh, Kiswahili, na swc, Kiswahili cha Kongo. Mwigizaji anayesema “batoto banakuja” badala ya “watoto wanakuja” ni wa swc. Akiwekwa chini ya sw, anayetafuta usemi wetu hatampata.

Napendekeza tuandike swc katika jina la faili hata pale programu isipoutambua msimbo huo. Programu hubadilishwa, jina huhama pamoja na filamu.