SOMO KWA KAMATI: Shule inapofungwa kwa theluji, nani hukosa chakula?



Katika somo la robo hii tunawaalika kutazama mbali kidogo, kwenye miji midogo ya kaskazini mwa Marekani wakati wa majira ya baridi. Baadhi ya wafadhili wetu wanaishi huko na wanayajua haya kwa macho yao. Wengine wetu tuna ndugu waliohamia huko kutoka kambi za Nyarugusu na Kakuma. Tumechagua jambo moja tu katika maisha ya shule za huko, yaani tangazo la kufunga shule kwa sababu ya theluji, kwa kuwa linatuonyesha kazi ya kamati kabla shida haijabisha hodi.

Shule za Marekani haziendeshwi kutoka makao makuu ya nchi. Kuna wilaya za shule zipatazo 13,000, na nyingi ni za miji midogo na vijiji. Kila wilaya ina bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura na wenyeji: mkulima, mwenye duka, mwalimu mstaafu. Bodi humwajiri msimamizi mkuu wa shule na kupitisha bajeti. Fedha nyingi hutoka katika jimbo na katika kodi ya nyumba na ardhi ya wenyeji wenyewe. Serikali kuu huchangia sehemu ndogo. Ndiyo maana habari za shule ndizo habari za mji. Wakati wa baridi utasikia juu ya mpira wa kikapu, tamasha la nyimbo la Desemba, makoti yanayokusanywa kwa ajili ya watoto wasio nayo, na supu inayouzwa ukumbini ili kulipia safari ya wanafunzi. Lakini habari inayosubiriwa na kila nyumba ni moja: leo shule ipo au haipo?

Usiku wa theluji msimamizi huamka saa tisa au saa kumi. Huwapigia simu watu wa magari ya kusukuma theluji, wenye mabasi, na wasimamizi wenzake wa wilaya jirani. Wengine huingia katika gari lao na kuijaribu barabara wenyewe. Kufikia saa kumi na moja na nusu alfajiri uamuzi lazima utoke, kwa sababu mabasi ya kwanza yanakaribia kuondoka. Zamani tangazo lilisomwa redioni, wilaya moja baada ya nyingine, na watoto wakitega sikio wasikie jina la kwao. Siku hizi hutumwa pia kwa simu.

Baridi ya huko si mzaha. Hewa inapokuwa kali pamoja na upepo, hata mwili ukahisi kana kwamba ni nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi isiyofunikwa huweza kuganda kwa dakika 30. Mtoto anayesubiri basi lililochelewa anaweza kuumia vidole au masikio. Katika jimbo la Minnesota gavana alifunga shule za jimbo zima kwa ajili ya baridi mwaka 1994, na gavana mwingine akafanya hivyo tena Januari 2014. Na kumbukumbu ni ndefu. Tarehe 12 Januari 1888, katika nyanda za Nebraska na Dakota, asubuhi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na watoto wengi wakaenda shule bila makoti mazito. Dhoruba iliwakuta wakiwa shuleni au njiani kurudi nyumbani. Inakadiriwa kuwa watu 235 walikufa, wengi wao watoto. Hapakuwa na njia ya kuwaonya watu wa mashambani kwa wakati.

Basi kufunga shule ni kuokoa maisha, na hakuna anayepinga hilo. Lakini tangazo lile lile huingia nyumba mbili kwa namna mbili. Katika nyumba ya kwanza watoto hushangilia na kutoka kucheza na theluji. Katika nyumba ya pili mama huhesabu vilivyomo kabatini, kwa sababu siku isiyo na shule ni siku isiyo na chakula cha mchana cha shule, na mara nyingi hata kifungua kinywa.

Wengi wetu huku hudhani kwamba Marekani hakuna mtoto mwenye njaa. Ukweli ni kwamba mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni ulianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Truman mwaka 1946, na leo hulisha zaidi ya watoto milioni 28 kila siku ya shule. Mtoto wa nyumba yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini hula bure. Kati ya hapo na asilimia 185 hulipa kidogo. Majimbo kadhaa yameamua kuwalisha wote bila kuuliza kipato, yakitanguliwa na California na Maine katika mwaka wa masomo 2022–23, na Minnesota mwaka uliofuata. Uamuzi huo umepunguza aibu ya kupanga foleni ya maskini. Haukuondoa tatizo la siku za theluji. Kuanzia 2020 wilaya nyingi zimeanza kutumia masomo ya mtandaoni siku kama hizo: mtoto huhesabiwa kuwa amehudhuria, ana kompyuta mbele yake, ila sahani hakuna.

Jamii zimejibu vipi? Tunapenda mfano ulioanzia Little Rock, Arkansas, katika miaka ya 1990. Muuguzi wa shule aliona watoto wakimjia na maumivu ya tumbo na kizunguzungu, akatambua kwamba ugonjwa wenyewe ni njaa. Akaomba msaada kwa ghala la chakula la hapo. Wakaanza kuwapa watoto chakula cha kubeba nyumbani mwishoni mwa juma, ndani ya mkoba wa kawaida wa shule, na mpango huo umeenea nchi nzima. Vinavyowekwa ni vile ambavyo mtoto mdogo anaweza kufungua mwenyewe bila jiko: nafaka za kifungua kinywa, maziwa ya boksi, maharage ya kopo. Wanaojaza mifuko hiyo mara nyingi ni watu wa makanisa na wazee wastaafu, katika chumba cha chini cha kanisa, jioni ya katikati ya juma. Utabiri ukionyesha dhoruba, zipo shule zinazogawa mapema.

Tazameni ni nani aliyeanza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Muuguzi, mpishi na dereva wa basi huziona nyumba kuliko mwenyekiti wa bodi. Dereva anajua mtoto yupi hutoka mlangoni bila glovu. Mwezi Machi 2020, shule zote zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, wilaya nyingi za vijijini ziliyatumia mabasi yale yale kupeleka chakula kwenye vituo, kwa sababu njia zilikuwa zinajulikana na madereva walikuwa wanajua nani anaishi wapi. Kanuni ya kawaida ilitaka mtoto ale pale pale panapogawiwa chakula, ikabidi ilegezwe. Mwishoni mwa 2022 bunge la Marekani liliruhusu moja kwa moja watoto wa vijijini kuchukua chakula na kwenda nacho nyumbani wakati wa likizo ya kiangazi.

Lipo pia suala la lugha. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Katika wilaya zenye familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, matangazo hutafsiriwa kwa Kiswahili. Mzazi asiyelielewa tangazo humvika mtoto alfajiri na kumsimamisha kituoni kusubiri basi lisilokuja. Kwetu sisi, tangazo la namna hiyo halijatolewa.

Wafadhili watatuwia radhi tukisema pia kwamba moyo wa jumuiya hauji wenyewe. Worthington ni mji wa Minnesota wenye watu karibu 14,000 na kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe. Wahamiaji wamekuja kufanya kazi, kutoka Amerika ya Kati, Asia, na hata Ethiopia na Eritrea, na madarasa yakafurika. Kuanzia 2013 wilaya iliwaomba wapiga kura wakubali kodi ya kujenga, na mara tano walikataa. Wapo waliosema kwa uchungu kwamba wageni hawatakiwi. Wapo pia wakulima waliokuwa na hoja ya haki: kodi hupimwa kwa ardhi, na mwenye shamba kubwa hubeba mzigo mkubwa hata mwaka ambao mahindi hayana bei. Tangu 2017 jimbo lilianza kubeba sehemu ya mzigo huo wa mashamba. Novemba 2019, katika kura ya sita, mji ulikubali. Sisi tunaona kwamba kuwasikiliza wakulima hao kulikuwa sehemu ya kazi, kama ilivyokuwa kuwatetea watoto.

Huku kwetu theluji hakuna, isipokuwa vileleni. Masika tunayo. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliifanya serikali ya Kenya iahirishe ufunguzi wa muhula wa pili, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Watoto waliotegemea uji na githeri vya shule walikaa majuma hayo nyumbani, na baadhi ya nyumba zenyewe zilikuwa zimechukuliwa na maji. Mahindi na maharage ya shule nyingi hukaa stoo yenye kufuli moja, na mwenye ufunguo pengine anakaa ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati ikae kabla ya mvua zijazo na kujadiliana. Mto ukifunga njia, ni watoto wangapi katika vigango vyenu watakosa mlo wao wa pekee wa uhakika? Nani anawajua kwa nyumba zao, na je, mtu huyo amewahi kualikwa kwenye kikao? Ufunguo wa stoo uko kwa nani, na nani ana ruhusa ya kutoa chakula bila kungoja kikao? Tangazo litawafikiaje wasio na simu, na kwa lugha gani? Majibu yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja, na yafikishwe kwa mratibu wa elimu wa parokia kabla ya toleo lijalo. Wafadhili waliowahi kujaza mifuko ile ya chakula wanakaribishwa kutuandikia jinsi walivyoipanga kazi yao.